Baba amepata kazi Ngaka: familia ihamie Mbinga au ibaki Dar?

Baba yuko Ngaka, kwenye machimbo ya makaa ya mawe wilayani Mbinga, huu mwezi wa nane. Mama na watoto wawili wako Mbagala, Dar es Salaam. Kila siku saa mbili usiku baba hupiga simu, huzungumza na mama, kisha simu hupita kwa watoto. Jioni moja mtoto wa kiume, wa darasa la tatu, anaitwa aje amsalimie baba yake. Anajibu bila kuondoa macho kwenye televisheni: "Mwambie nimelala."

Mama anamwambia mumewe kwamba mtoto amelala. Halafu yeye mwenyewe anakosa usingizi.

Familia hii ni ya mfano, lakini wazazi wengi wataiona kuwa yao. Mmoja amepata kazi mbali, mwingine amebaki mjini na watoto, na kila mwezi pesa inatumwa kwa simu. Mwanzoni wote hukubaliana kwamba ni kwa muda tu. Miezi inapita, na muda huo haujatajwa mwisho wake. Baba anakuwa mtu wa kwenye simu, mama anakuwa mlezi, mwalimu na askari wa nyumba, na maneno ya watu kuhusu nyumba ndogo huko kusini nayo hayakosi kumfikia.

Baba sasa anasema, "Mama watoto, hameni mje huku." Mama anauliza, "Tuje wapi hasa?" Swali hilo linahitaji jibu kamili kuliko "njooni tu."

Kusini si adhabu tena

Kwa miaka mingi mtumishi aliyepangiwa Ruvuma alipewa pole. Barabara zilikuwa za vumbi na tope, umeme wa jenereta, na safari ya kurudi Dar es Salaam ilikuwa ya kuhesabu siku. Watu ndio waliokuwa wakitoka huko. Enzi za ukoloni, vijana wa Songea, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na wengine walifika hadi migodi ya Afrika Kusini. Bibi na babu wengi wa huko wanakumbuka nyumba ambazo baba aliaga, na familia ikaishi kwa barua.

Leo mambo yamebadilika. Lami inatoka Songea hadi Mbinga, umbali wa takriban kilomita 100, kisha inashuka hadi Mbamba Bay ziwani. Mwaka 2018 laini kubwa ya umeme kutoka Makambako ilifika Songea. Uchimbaji wa makaa Ngaka, ulioanza mwaka 2011, umeleta madereva, mafundi, wapishi, walinzi na wahasibu kutoka kila pembe ya nchi. Malori ya makaa hupita usiku na mchana kuelekea viwanda vya saruji na bandari ya Mtwara.

Hata hivyo, mzazi asihame akitegemea kukuta Dar es Salaam ndogo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 Dar es Salaam. Mkoa mzima wa Ruvuma, pamoja na vijiji vyake vyote, ulikuwa na takriban milioni 1.8. Ni maisha ya aina nyingine, na familia inapaswa kujua inachofuata na inachoacha.

Ngaka, Mbinga au Songea?

Kosa la kwanza ni kudhani familia lazima ikae pale pale baba anapofanya kazi. Machimbo ya Ngaka yako kata ya Ruanda, kwenye njia inayochepuka Kitai na kuelekea Lituhi. Kwa mfanyakazi wa zamu, kupanga chumba karibu na kazi kuna maana. Kwa mtoto mdogo, kukaa jirani na barabara ya malori na vumbi la makaa ni jambo la kufikiriwa mara mbili, hasa kama ana pumu au kifua chepesi.

Chaguo la pili ni Mbinga mjini. Huu ni mji wa kahawa, uliozungukwa na milima ya Umatengo. Una soko, hospitali, benki, shule za serikali na za binafsi, na kanisa kuu la Jimbo Katoliki la Mbinga. Mtu anaweza kwenda sokoni kwa miguu, akapita kwa fundi cherehani, akarudi nyumbani kabla maharage hayajaiva.

Chaguo la tatu ni Songea, makao makuu ya mkoa na manispaa tangu mwaka 2006. Hapo kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, uwanja wa ndege, na shule nyingi zaidi za kuchagua. Ni mji mkubwa kiasi, lakini bado mtu akienda sokoni husimamishwa mara tatu kusalimiwa. Kwa familia yenye mtoto anayehitaji daktari bingwa mara kwa mara, Songea inaweza kuwa salama zaidi, hata kama baba atalazimika kusafiri zaidi siku za mapumziko.

Familia yetu ya mfano inaelekea kuchagua Mbinga mjini. Baba atabaki na chumba chake karibu na kazi na kurudi nyumbani zamu zinapomruhusu. Si kulala nyumbani kila siku, lakini kumwona baba siku kadhaa kila mwezi si sawa na kumwona mara mbili kwa mwaka.

Shule kwanza, mizigo baadaye

Baba angependa wahame Juni. Binti yake mkubwa, wa miaka 14, yuko kidato cha pili. Anaposikia habari hiyo anafunga mlango wa chumbani na hatoki kula.

Mzazi anaweza kuita hilo utundu. Lakini binti ana hoja. Novemba ana upimaji wa taifa wa kidato cha pili, na ameshasajiliwa shuleni kwake. Kumhamisha katikati ya mwaka wa mtihani ni kumwongezea mzigo usio na sababu: walimu wapya, mazoezi tofauti, na marafiki wote aliosoma nao wako mbali.

Kalenda yenyewe inatoa jibu. Wakisubiri hadi Desemba, binti atakuwa amemaliza mtihani wake na ataanza kidato cha tatu mwezi Januari katika shule mpya, akiwa na karibu miaka miwili kabla ya mtihani wa kidato cha nne. Mdogo wake ataingia darasa la nne, ambalo nalo lina upimaji wa kitaifa, hivyo ni heri aanze mwaka pale pale atakapofanyia mtihani.

Uhamisho nao haufanywi siku ya safari. Mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba ya PREM, na taarifa zake huhamishwa kupitia kwa walimu wakuu wa shule anayotoka na anayokwenda. Kwa sekondari, kwanza lazima nafasi ipatikane kule anakokwenda. Baba aliyeko huko ndiye wa kuanza kazi hiyo mapema: afike shuleni yeye mwenyewe, amwone mkuu wa shule, aulize kama kuna walimu wa fizikia na hesabu, kama kuna maabara, na umbali wa kutoka nyumbani. Kuuliza "shule ipo?" hakutoshi, kwa sababu binti anayetaka kusoma sayansi anaweza kujikuta kwenye darasa lisilo na mwalimu wa sayansi.

Kama watoto wanasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, mzazi ajue kwamba Mbinga machaguo ni machache kuliko Dar es Salaam. Mtoto atakayehamia shule ya serikali darasa la nne atakutana na maarifa anayoyajua kwa lugha asiyoizoea darasani. Anahitaji likizo nzima ya kusoma vitabu vya Kiswahili nyumbani.

Njia nyingine inayotajwa ni kumwacha binti kwa shangazi yake Dar es Salaam. Inaweza kufaa, lakini isiamuliwe kwa sababu tu amelia. Msichana wa miaka 14 anahitaji mtu wa kugundua kwamba amerudi nyumbani na uso uliobadilika. Shangazi mwenye duka, watoto wake watatu na safari za kila wiki huenda asiwe mtu huyo, hata akiwa na moyo mwema.

Kazi ya mama nayo ni kazi

Katika mazungumzo mengi ya kuhama, mshahara wa baba huandikwa kwa kalamu na kipato cha mama huandikwa kwa penseli. Mama huyu ana cherehani mbili na wateja wa sare za shule aliowatafuta kwa miaka sita. Wakati baba alipokuwa hana kazi, cherehani hizo ndizo zilizolipa kodi ya nyumba.

Kwa hiyo kabla ya kuhama, kipato hicho kinapaswa kuwekwa mezani kwa tarakimu. Anaingiza kiasi gani kwa mwezi? Itamchukua muda gani kupata wateja Mbinga? Na katika miezi hiyo nani atampa pesa yake mwenyewe, si ya kuomba?

Mbinga ina mzunguko wake wa pesa, nao unafuata kahawa. Mavuno ya arabika huanza katikati ya mwaka, wakulima hupeleka kahawa kwenye vyama vyao vya msingi, na malipo yakitoka, mji huchangamka. Bati zinanunuliwa, ada zinalipwa, harusi zinafungwa. Miezi ya mvua, hasa kabla ya mavuno ya mahindi, mifuko huwa mitupu na wateja huomba kuandikwa kwenye daftari. Fundi mgeni anayemaliza mtaji wake wote mwezi wa kwanza, akiuza kwa mkopo kwa watu asiowajua, atafunga duka kabla kahawa haijaiva. Busara ni kuingia na mtaji nusu, kupokea malipo ya awali kwa kila kazi, na kuingia kwenye kikoba cha mtaani mapema ili ajulikane.

Kazi ya baba nayo itazamwe kwa macho makavu. Bei ya makaa duniani hupanda na kushuka. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipandisha mahitaji na bei, na baadaye bei ikapoa. Mkataba wa mgodini una tarehe ya mwisho. Familia isiuze kiwanja cha Mbagala ili kujenga Mbinga mwaka wa kwanza. Ipange nyumba, na ihifadhi nauli ya kurudi.

Baridi, ziwa na afya

Mtoto wa Mbagala hajui baridi. Milima ya Umatengo inakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai asubuhi za Mbinga zinahitaji sweta, soksi na blanketi zito. Mvua nazo ni za msimu mmoja mrefu, kuanzia karibu Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, tofauti na vuli na masika ya pwani. Viatu vya mvua vitatumika kuliko kandambili.

Hapa kuna onyo moja ambalo kila mzazi anayehamia nyanda za baridi anapaswa kulishika: jiko la mkaa halilazwi chumbani. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, na watu hufa usingizini bila kupiga kelele. Jiko libaki nje au jikoni penye hewa, hata baridi iwe kali vipi.

Kwa upande wa ziwa mambo ni kinyume. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, wilaya ya Nyasa, ni takriban kilomita 66, na barabara inateremka kwa kona nyingi hadi joto linakuja dirishani. Ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari. Watoto watalipenda: mchanga, maji yasiyo na chumvi, dagaa wabichi na samaki aina ya mbasa, na Jiwe la Pomonda kule Liuli, ambako wenyeji walijificha wakati wa uvamizi wa Wangoni. Lakini mwambao una malaria, hivyo chandarua kisibaki Mbinga. Ziwa Nyasa pia lina maeneo yenye kichocho, na midomo ya mito kama Ruhuhu ina mamba. Kabla mtoto hajaingia majini, mzazi awaulize wenyeji wanaoga wapi, na wapi hawathubutu.

Kadi za kliniki za watoto zisisahaulike kwenye mzigo. Wenye bima waulize mapema ni vituo vipi vinaipokea. Zaidi ya hospitali za Mbinga mjini na Songea, eneo hili lina hospitali za misheni zinazojulikana kwa miaka mingi: Peramiho, Litembo na Liuli.

Mji unaojua jina la mtoto

Jambo litakaloishangaza familia si ukimya wa usiku. Ni kwamba baada ya wiki mbili muuza nyanya atajua mtoto anasoma shule gani, na mama wa nyumba ya tatu atamrudisha nyumbani akimkuta anachezea mtaroni saa za masomo. Dar es Salaam mzazi angeuliza, "Wewe ni nani umkemee mwanangu?" Mbinga swali hilo litamfanya abaki mpweke. Jirani anayekemea ndiye huyo huyo atakayembeba mtoto hospitali usiku mama akiwa peke yake.

Kuna bei yake. Mahali watu wanapojuana, habari husafiri haraka, na binti wa miaka 14 aliyezoea kupotea kwenye umati wa daladala ataona kama kila dirisha lina macho. Mama amwambie mapema, na amwachie faragha ndani ya nyumba kwa kuwa nje ataikosa.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Familia ikifika, kituo cha kwanza ni kwa mwenyekiti wa mtaa na balozi, wajitambulishe na kuandikwa. Kinachofuata ni misiba. Kukitokea msiba mtaani, mgeni asisubiri kualikwa. Mama afike na kanga yake, akae na wenzake, amenye viazi. Baba akiwa nyumbani, aende kuchimba kaburi. Wengi hupokelewa siku hiyo kuliko siku yoyote ya sherehe.

Jembe lenyewe lina somo. Wamatengo hulima miteremko mikali kwa ngoro: wanafyeka majani, wanayapanga kwa mistari inayokatizana kama wavu, wanayafunika kwa udongo, na katikati hubaki mashimo yanayoshika maji ya mvua yasibebe udongo. Mlima mzima huonekana kama sega la nyuki. Ni kazi ya vizazi vingi, na sehemu kubwa ya kufukia udongo hufanywa na wanawake. Mtoto wa mjini akipelekwa shambani kuona ngoro, na siku nyingine Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, ataacha kuwaita wenyeji watu wa bara. Ataona amehamia mahali penye akili zake.

Waje waone kwanza

Familia yetu ya mfano inafikia makubaliano. Hawahami Juni, ila Juni wanakwenda kuona. Mama na watoto watapanda basi alfajiri kituo cha Magufuli, Mbezi, wapite Morogoro, Iringa, Makambako na Njombe, walale Songea, na kesho yake wafike Mbinga. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na wataifanya wakati wa baridi kali, ili wasije wakadanganywa na hali ya hewa nzuri.

Huko binti atapelekwa kuiona shule na azungumze na wanafunzi wa rika lake bila wazazi kusimama pembeni. Mama ataingia sokoni na kuhesabu mafundi cherehani. Baba ataonyesha nyumba mbili, si moja aliyokwisha kuichagua. Wakirudi Dar es Salaam kila mmoja atasema anachokiogopa, na mtoto wa darasa la tatu atapewa zamu yake kama wengine.

Wakikubali, watahama Desemba. Wataweka pia siku ya kukaa tena, Desemba inayofuata, kuulizana kama wabaki au warudi, na mama atakuwa na sauti sawa na mwenye mshahara. Wakikataa, basi baba apange likizo zake upya na mkataba wake uwe na mwisho unaojulikana na wote, kwa sababu hata kubaki ni uamuzi na kuna anayeulipia.

Usiku wa kabla ya safari ya Juni, simu inaita saa mbili kama kawaida. Safari hii mtoto anaipokea mwenyewe. Ana swali moja tu: huko Mbinga, baba atakuwa anarudi nyumbani saa ngapi?

Baba anapaswa kumjibu ukweli. Si kila siku. Lakini siku atakayorudi, atakuta mlango wake mwenyewe wa kubisha hodi.